Mwiba Ulioondolewa Kisimani

Waliotuacha na kiu nawataja kwa vyeo vyao, majina yao wanayajua wenyewe. Mwenyekiti wa kamati ya maji. Kijana wa programu kutoka Singida mjini. Na yule, popote alipo, aliyeamua mfano upi ukae juu.

Mimi nilikuwa mwendesha pampu kijijini kwetu, upande wa Sepuka. Darasa la saba, basi. Pampu iliongozwa na kompyuta: maji ya kisima yakishuka, inaandika kosa kwa rangi nyekundu na kujizima. Kiangazi kile ilijizima kila mchana, watu wakanisema mimi.

Kijana alikuja na laptopu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tusaidie mwanangu, maksai wangu hawajanywa."

Akaliandika lile kosa, mashine ikamletea orodha ya mifano ya marekebisho ya watengeneza programu wengine waliokutana nalo. Wa kwanza ulikuwa mfupi.

"Huu unasemaje?"

"Kosa likitokea lisionyeshwe, kazi iendelee. Ndio unaopendekezwa zaidi, mama."

"Na ule wa chini, mrefu?"

"Ule unasubiri maji yapande ndipo uwashe tena. Ila lazima tupime kisima kwanza. Labda kesho kutwa."

"Mpaka kesho kutwa ng'ombe wanywe laptopu yako?" mwenyekiti akadakia. "Weka wa kwanza, dogo."

Kwetu kisima kikiharibika, aliyetangulia huweka tawi la mwiba mdomoni, anayefuata ajue. Haliondolewi mpaka kisima kipone. Nikamwambia mwenyekiti, hapo unaondoa mwiba. Akacheka. "Siku hizi na wewe injinia?"

Wekundu ukaisha. Watu wakanishukuru hata mimi. Maji yakashuka, pampu ikavuta hewa, kioo cha kompyuta kisafi hakisemi kitu, mpaka ikanuka kuungua, ikafa.

Tukarudi kufukua mchanga wa korongo kutafuta maji. Maksai wangu mmoja alilala huko huko korongoni, hakuinuka tena. Aliyebaki namtazama tu; mmoja halimi, na mimi mjane, nani atanilimia? Mvua zimeanza. Wenzangu wanapanda alizeti, shamba langu limeota nyasi.

Nilikata tawi la mwiba nikaliegemeza mlangoni pa nyumba ya pampu. Mwenyekiti akalitoa, akasema wageni wanakuja kukagua mradi, linatia aibu. Nikakata lingine. Hilo nalo kalitoa.