Hendo Moja ya Kiwandani, Milango Miwili

Naanza na aibu yenyewe ili mkishamaliza kucheka tuendelee: Ijumaa moja, Sindeni, mbele ya wanaume wote waliokuwa wanatoka msikitini, nilimwita mume wangu mjinga kwa sauti ya mnadani, huku nusu yangu ya juu inaning'inia nje ya dirisha la gari na nusu ya chini (ile nzito, najua, asanteni) imegoma kutoka. Na katika wanaume hao alikuwemo baba mkwe.

Kosa langu lilikuwa neno moja tu. Asubuhi ile, Korogwe, nilisema "haya".

Mume wangu, Baba Nuru, amerithishwa gari la zamani la baba yake, ambalo mzee aliachiwa na meneja wa shamba la mkonge, maana alikuwa dereva wake. Injini inaunguruma, breki zinakamata, mwenye akili angeishia hapo. Yeye hapana, anataka kila kidude kiwe kama kilivyotoka kiwandani: skrubu za nembo, ule ukanda wa nikeli wa ubavuni, hata kifuniko cha kisahani cha majivu (na sigara havuti!). Hendo za nje za milango ya nyuma alikuwa ameshazing'oa, zimekwenda kuchovywa nikeli upya. Zile za ndani, za plastiki, zilizokuwa zinafungua mlango bila matatizo, kwake zilikuwa tusi. Akatafuta mpaka akapata hendo ya kiwandani, moja, kwa mzee wa Mnyuzi aliyeifunga kwenye mlango wa banda la kuku. Akaisugua siku tatu. Mimi mwenyewe sijawahi kusuguliwa kisigino.

Siku hiyo tulikuwa tunampeleka mwanetu Nuru, miezi saba, akaonwe kwao kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na hofu, maana mama mkwe alishasema kweupe kwamba huyu Msambaa wa Mashewa ana ulimi, ukoo huu haumfai. Nilitaka siku moja tu, moja, nionekane mkwe mwenye adabu.

"Mama Nuru, nizitoe hizi za plastiki? Mzee akiziona nitaona haya."

"Na mimi nitatokaje huko nyuma?"

"Si nipo, nitaichomeka hii ya kiwandani nikufungulie."

"Haya."

Tukafika Sindeni, tukasimama mbele ya nyumba ya wakwe, jirani na msikiti, watu wameshaingia kuswali. Baba Nuru akaruka nje, "nakuja sasa hivi!", akafunga milango ya mbele kwa ufunguo, akakimbia msikitini na hendo mfukoni mwa kanzu, eti isiibiwe. Sasa hivi ya Ijumaa, yenye hotuba ndani yake! Mimi nyuma na mtoto, kiti cha mbele kimejaa gunia la mchele, mabeseni na jogoo aliyefungwa miguu, hakuna pa kupita, na jua la Handeni mnalijua. Nuru akalia, akatapika, halafu akamalizia kwa chini. Kioo nikakizungusha, kikashuka kidogo zaidi ya nusu kikakwama. Nikampitisha mtoto kwa wifi yangu Zaina, aliyetoka ndani kutupokea, kisha nikajiambia, kilipopita kichwa cha mtoto na changu kitapita. Kichwa kilipita kweli.

"Njoo wifi, wembamba wote huo!" Zaina ananivuta mikono.

"Wembamba upi?"

"Ule wa siku ya harusi."

Mama mkwe kasimama barazani na mwiko, anatazama tu. Ndipo wanaume wakatokea, kanzu nyeupe njia nzima. Baba Nuru akachomoka mbio, nikashukuru Mungu, mume wangu huyo anakuja, na alipofika akapiga kelele: "Usiegemee hapo! Mpira wa dirisha huo ni wenyewe wa kiwandani!"

Subira yangu ikakatikia hapo. "Mjinga wewe! Lete hendo!"

Akaitoa mfukoni, na wallahi sisingizii, akaifuta kwanza kwa leso, ndipo wakanisukuma nirudi ndani, akanifungulia mlango.

Baba mkwe akauliza ni kidude gani hicho. Mwanawe akamweleza kwa majivuno, Mnyuzi, banda la kuku, siku tatu za kusugua. Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, hizo nilizitoa mwenyewe. Mlipokuwa wadogo mlikuwa mnafungua milango gari likitembea. Nikafunga kamba ya katani, ndiyo nyie mmekua nayo, hizo za plastiki zimekuja baadaye."

Mnadhani aliona aibu? Alifikiri kidogo, akauliza: "Hiyo kamba ilikuwa unene gani, baba?"

Jioni wakaniita sebuleni. Mke kumtukana mume mbele ya wakwe si jambo dogo, na mwenye kikao alikuwa Baba Mkubwa, kaka wa baba mkwe. Nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa wote, mama mkwe nikamvisha kanga mpya niliyomletea. Wakapokea, wakataka kuinuka. Nikasema shikamooni wazee, na mimi nina langu, na nimeliandika (kidato cha nne sikwenda kuota jua). Na ndani ya gari lenye mlango usio na hendo sitaingia tena, hata nibebwe. Baba Mkubwa akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Kwa Wazee wa Ukoo, Sindeni.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUME WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Leo nilifungiwa garini na mtoto wa miezi saba, juani, tangu swala inaanza hadi inakwisha, kwa sababu hendo inayofungua mlango haipendezi. Tusi nililitoa, na radhi nimeiomba kwa magoti. Mimi bado sijaombwa na mtu. Naomba kikao kisivunjike mpaka niombwe, naye apige magoti kama nilivyopiga.

Wenu katika ukoo,
Mama Nuru.

Nakala: Mama yangu mzazi, Mashewa."