Hewa ya Chumba cha Mama

Shuleni walimpa jina la Pua kwa sababu alijua kilichopikwa jikoni kabla kengele ya chakula haijalia, na jina hilo likamganda mpaka ukubwani. Halikumkera. Hata kazi aliyokuja kuipata ilikuwa ya pua tupu. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na shughuli yao ilikuwa kupima hewa ndani ya nyumba za watu. Katika mji ambao nguo zilishinda kambani siku tatu bila kukauka, na viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda viliota manyoya ya kijani, wateja hawakukosekana. Watu waliwaita walipochoka kukohoa.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Chumba alikipima kikiwa kimefungwa tangu jana yake, kifaa kikiwa katikati, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, mbali na dirisha na jiko. Kisha alipima na nje, ili uchafu ulioletwa na upepo usisingiziwe ukuta. Aliacha visahani vya maabara wazi kwa saa moja, akavifunika, akavitunza siku tano, ndipo akahesabu vidoa vya ukungu vilivyoota. Mwenye nyumba akibisha, alimwekea kisahani mbele ya macho. Wengi walinywea walipoona kile walichokuwa wakikivuta.

Kaka yake mkubwa hakunywea.

Huyu kaka alikuwa mjenzi, na nyumba yake aliisimamia tofali kwa tofali. Baba yao alipofariki, alimchukua mama akaishi naye, na ukoo mzima ukamsifu. Alimpa chumba cha chini, upande wa nyuma, kikipakana na bafu, ili magoti ya mama yasihangaike na ngazi. Akaweka vigae, kiyoyozi, na kabati kubwa la mbao lililobanwa ukutani. Matundu ya hewa aliyaziba kwa saruji ili ubaridi usitoroke. Mama hakukipenda kiyoyozi, alisema kinampuliza mifupa, kwa hiyo alikizima. Chumba kikabaki hakina ubaridi wala upepo.

Siku Pua alipoingia mle mara ya kwanza, harufu ilimpokea mlangoni: harufu ya gunia lililolowa. Alijua papo hapo. Lakini wifi yake alikuwa amesimama na trei ya chai, kaka anatabasamu hadi masikioni, na Pua, ambaye kwenye nyumba za watu baki hakuwa na simile, akakaa kitandani akasifu mapazia. Alijiambia angesema wiki inayofuata. Wiki hiyo ikawa miaka miwili.

Mama akaanza kukohoa. Hospitali walisema pumu, wakampa dawa ya kuvuta. Alipokwenda kukaa mwezi mmoja kwa mdogo wake, kikohozi kilikata kabisa. Aliporudi, kilirudi kabla hajafungua sanduku. Mama mwenyewe ndiye aliyesimulia hayo, akicheka, eti kifua chake kina wivu, hakitaki atembee. Pua alishindwa kucheka.

Asubuhi moja, kaka yuko kazini na wifi katoka, alikuja na begi lake la kazi. Alikuwa amemwomba mama asifungue dirisha tangu jana yake. Mama aliuliza kama kile kidude kitapiga kelele, akaambiwa hapana, basi wakakaa jikoni wakichambua mboga huku visahani vikifanya kazi yao. Unyevu ulisoma asilimia themanini na saba. Pua alipopitisha mkono nyuma ya kabati, vidole vilitoka vyeusi, vimelowa. Mama aliviona.

"Usimwambie kaka yako," mama alisema. "Chumba hiki alinijengea mimi."

"Kinakuumiza, Mama."

"Na yeye ataumia zaidi akisikia."

Baada ya siku tano visahani vilikuwa vimeota mpaka havihesabiki. Pua aliandika majibu, akapiga moyo konde akamwambia kaka. Kaka akavaa miwani ya mbao. Visahani hakuvitazama hata kidogo. Alichokisikia ni kwamba mdogo wake ameingia nyumbani kwake kama mwizi, akiwa hayupo, kutafuta aibu. Akamleta mpimaji wake, mtu aliyefungua madirisha yote, akawasha feni, akashika kifaa chake dirishani dakika kumi, kisha akaandika kwamba hewa ni safi na kugonga muhuri.

Kaka akaziweka karatasi mbili mezani, akamwita mama achague ya kuamini. Mama hakugusa hata moja. Alisema anaishi vizuri, hana shida na mtu.

Siku ile, wakiwa wawili kibarazani, Pua alimwambia mama ahamie kwake. Alikuwa na vyumba viwili, ghorofa ya nne, bila lifti. Mama alikataa. Pua hakurudia. Moyoni alisikia kitu kama nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyokuja kumtafuna baadaye kuliko yote.

Mvua zilipokolea mama alilazwa, na hakutoka. Msibani, shangazi yao alimgeukia mbele za watu.

"Si ndiyo kazi yako wewe? Kama ulijua, mbona hukumtoa?"

Watu waliinamisha macho. Kaka alikuwepo, akasikia, akageuka kupokea mkono wa rambirambi. Pua angependa kulichukia swali hilo, ila lilikuwa swali la haki.

Wiki chache baadaye kaka alisogeza lile kabati ili apake rangi. Ukuta ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa bega. Walipobomoa plasta walikuta bomba la bafu limekuwa likivuja polepole tangu nyumba ilipojengwa. Kaka alieneza habari kwamba fundi bomba alimharibia kazi. Pua alikumbuka vizuri kwamba kaka aliliunga mwenyewe, na akajisifu.

Kisha kaka akampigia simu. Chumba kimekarabatiwa, binti yake anahamia humo, na anataka Pua akipime. Pua mwenyewe, asiwe yule mwingine.

Alikwenda. Bomba lilikuwa jipya, matundu yamefunguliwa. Unyevu asilimia hamsini na sita. Kisahani kiliota vidoa vinne, pungufu ya vile vya nje. Aliandika majibu, akatia sahihi, akampelekea.

Kaka alisoma mstari kwa mstari. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati.

"Sasa umeridhika?" aliuliza.

Pua akamwambia kile anachomwambia kila mteja: matundu yasizibwe, na kati ya kabati na ukuta ibaki nafasi ya kiganja. Akafunga begi, akaaga wifi, akaondoka.

Siku hizi hukutana kwenye harusi za ndugu. Husalimiana, huulizana hali za watoto, kisha kila mmoja hutafuta meza yake.