Wodi ya Mlango Mmoja

Mume wangu alizaliwa katika familia ya Wahindi Waislamu yenye benki yake yenyewe. Babu yake alianza kwa kuwatunzia fedha wafanyabiashara wenzake huko Bara Hindi, wanawe wakaileta kazi hiyo Mombasa, na kufikia wakati ninaoueleza walikuwa na ofisi Kisumu yenye milango ya vioo na bawabu mwenye kofia. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Tangu utoto wake ilijulikana kwamba kiti cha baba yake kingekuwa chake.

Mimi nilizaliwa Busia, upande wa Uganda. Baba yangu alikuwa na malori mawili ya kubebea pamba. Mama yangu ni Msamia wa Masinya, alisilimu alipoolewa. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu majirani zetu walikuwa wa kila kabila, na mtoto aliyetaka kucheza ilimbidi akijue.

Watu wakisikia nilikuwa mke wa nani huniambia nilibahatika. Wanasema alikuwa mtu mwema. Ni kweli, alikuwa mwema. Nami ndiye niliyekaa naye nyumba moja.

Alitumwa Tororo kufungua tawi, kwa ajili ya wenye viwanda vya kuchambua pamba. Alipaswa kukaa msimu mmoja tu. Akaja kwetu Busia kuzungumza na baba habari za malori, nami nikamletea maji ya kunawa, akaniuliza jina langu kabla ya kuyapokea. Msimu wa pili akaleta posa.

Baba alimuuliza jambo moja tu. "Wazee wako wanajua?"

"Watajua nikishaoa."

Baba hakulipenda jibu lile. Hata mimi sikulipenda, lakini yeye nilimpenda, na ndoa ikafungwa.

Haukupita muda mrefu, mdogo wake akaja kutoka Kisumu. Hakuketi. Alisimama katikati ya sebule yetu pale Tororo, akasema, "Mzee anasema ofisi uiendeshe mpaka apatikane mtu mwingine. Nyumbani usije na huyu." Wao wawili walizoea kusema Kigujarati. Siku hiyo alisema Kiswahili, ili nami nisikie.

Mume wangu hakutishika sana. Babu yake alikuwa amemwachia fungu lake kwenye wosia, na hilo baba yake hakuweza kuligusa. Aliniambia tutaishi vizuri, na kwa muda tuliishi vizuri. Nikapata mimba.

Uchungu ulinianza asubuhi moja nikiwa nafua. Mume wangu akanipakia kwenye motokaa, akanikimbiza hospitali. Sitaitaja ni hospitali gani wala ya mji gani, kwani siku zile nyingi zilikuwa hivyo. Ilikuwa na mlango wa Wazungu, mlango wa Wahindi na mlango wa Waafrika. Yeye alinipeleka kwenye mlango wa Wahindi, kwa kuwa ndio aliouzoea. Sista aliyekuwa pale akanitazama, akasema, "Huyu apelekwe upande wa pili."

"Ni mke wangu."

"Nimekusikia, bwana. Apelekwe upande wa pili."

Tulizunguka jengo. Upande wa pili wanawake walikuwa wamelala hata chini, wawili wawili kwenye mkeka. Nesi wa pale alikuwa amechoka, hakuwa mtu mbaya. Alipomwona mume wangu alishangaa. "Mke wa Mhindi ana wodi yake, tena ina vitanda vitupu. Hapa nitamweka wapi?" Tukarudi tulikotoka. Nilizaa barazani, kati ya mlango na mlango, nimeshika nguzo. Alikuwa mtoto wa kiume. Alikuwa amekaa vibaya, na alihitaji mtu anayejua kazi. Alipumua mpaka adhuhuri.

Tulimzika Busia, kwenye makaburi ya Waislamu. Baba ndiye aliyemshusha. Mume wangu alisimama mbali, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Baada ya hapo hakukaa tena benki. Alituma hati za makabidhiano Kisumu kabla hawajamletea mtu wa kumrithi, akasema atajenga wodi ya wazazi. Alipata kiwanja njia ya kwenda Petta, mahali ambapo mwanamke wa shambani angeweza kufika kwa miguu. Alimwambia fundi kwamba jengo litakuwa na mlango mmoja. Fundi alidhani hakusikia vizuri, akauliza mara ya pili, akajibiwa vilevile.

Watu wakaanza kumjua. Kama kuna mama aliyezidiwa kijijini Sop Sop, ni yeye aliyekwenda kumchukua na motokaa yake. Jamaa za wagonjwa walilala kwenye baraza yetu, wakapikia kwenye jiko langu. Shuka za kitanda changu zilitoka moja moja, nami sikuuliza zilikokwenda. Niliona aibu kuuliza. Ningesemaje, kwamba mume wangu anawasaidia mno wanawake wanaozaa? Wakinishukuru niliitikia. Wakiondoka nilibaki na chumba kile ambacho tayari nilikuwa nimekishonea pazia la mtoto.

Siku moja alirudi alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza, "Leo ulikuwa wapi?"

"Sop Sop. Kuna mama hana wa kumpeleka hospitali."

"Na kaburini utakwenda lini?"

Alivua viatu kwanza. "Nikienda pale nitafanya nini?"

"Utakaa. Mimi hukaa tu."

"Siwezi kukaa. Nikikaa namwona."

"Na mimi nikikaa humu peke yangu, unadhani namwona nani?"

Alivaa tena viatu, akatoka kwenda kutazama matofali.

Jengo lilifika kwenye linta, juu ya madirisha, likasimama. Fungu la babu yake lilikuwa limekwisha. Aliuza motokaa, ikasaidia kidogo, kisha mafundi wakaenda kutafuta kazi kwingine. Mvua ilinyesha ndani ya kuta zile, majani yakaota mahali pa vitanda. Alikonda. Nilimwonea huruma, na papo hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba sasa angekaa nyumbani.

Ndipo shemeji yangu alipokuja tena kutoka Kisumu. Safari hii aliketi. Nilimwekea chai, nikaketi nami, maana hapakuwa na mtu wa kunifukuza kwenye sebule yangu.

"Mzee amesikia unajenga," alimwambia kaka yake. "Wenzake wanampongeza kila Ijumaa kwa jambo ambalo hakulifanya. Sasa anataka kulifanya kweli. Atamalizia jengo lote, vitanda na mkunga wa kulipwa. Jina la ukoo liandikwe juu ya mlango. Siku ya kufungua atakuja mwenyewe, pamoja na wakubwa wa serikali."

"Mlango ubaki mmoja," mume wangu akasema.

"Hilo hana neno nalo. Lakini siku hiyo mama huyu asiwepo." Alinionyesha kwa kidevu. "Mzee ana shida ya moyo."

Nilimtazama mume wangu. Nilingoja asimame, amshike mdogo wake mkono, amtoe nje. Aligeuza kikombe chake taratibu juu ya kisahani, kisha akauliza, "Mabati yatafika lini?"

Niliingia chumbani nikaanza kukunja nguo zangu. Alinifuata shemeji alipoondoka. "Wanawake wanazaa njiani," akasema.

"Najua. Mimi nilizaa barazani."

"Jina ni rangi tu ukutani. Siku ya kufungua ni siku moja, itapita."

"Na mimi ni nini?"

Alisimama pale mlangoni. Nilipita kando yake na mzigo wangu, nikapanda lori la baba mpaka Busia.

Siku ya ufunguzi nilikuwa uani kwa mama, tunapeta mtama. Utingo wa lori la baba alikuwapo kule, akatusimulia jioni. Palikuwa na bendi ya polisi. Baba mkwe alikata utepe, akasema maneno mazuri kuhusu akina mama. Watu wa Petta wakauliza mke wa bwana yuko wapi, na mume wangu akawajibu kwamba anaumwa.

Kesho yake alikuja Busia. Baba alimkaribisha kiti barazani. Mimi nilikuwa dirishani. Baba akasema, "Mwanangu, ulichukua kwangu binti mzima. Nasikia jana alikuwa anaumwa. Alikuwa anaumwa nini?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Kisha akaaga, akarudi Tororo kwa lori lilelile lililomleta.

Nilikaa kwa wazazi wangu mvua zote zile. Hakuacha kuja, alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akaketi na baba, nami sikutoka. Aliyenitoa ni mwanamke ambaye sikumjua. Alikuwa ametembea kutoka huko Petta na mtoto mgongoni, alikuwa anakwenda kwa dada yake Masinya, akaulizia nyumba yetu njiani.

"Mama, mimi nazaa kule," aliniambia. "Mtoto iko mzima. Watu nasema wewe ndiyo mwenyewe, lakini mimi naangalia pale sioni wewe."

Akamfungua mtoto, akanipa nimshike bila kuniuliza kama nataka. Alikuwa mzito, ananuka maziwa. Nilimshika mpaka mkono ukafa ganzi. Alipokwenda zake nikamwambia baba anipe lori. Sikuwa nimemsamehe mume wangu. Nilitaka kuiona hiyo wodi kwa macho yangu.

Niliiona, nikabaki. Nilifua shuka pale, nilikoroga uji wa wazazi, nikajifunza kwa mkunga mambo madogo madogo. Mume wangu nami tulizoeana upya polepole, kama watu waliokutana safarini. Binti yetu alizaliwa katika wodi ile, kitanda cha dirishani. Kaburini tulikwenda pamoja mara moja, yeye akang'oa magugu mpaka vidole vikamtoka damu.

Kabla Waingereza hawajaondoka, homa ya matumbo ilimshika, ikammaliza. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza anajua kusema maneno yote. Shemeji alikuja kutaka maiti ipelekwe Kisumu. Nilimwambia hapana, na baba yangu akasimama nyuma yangu. Tulimzika Busia. Walitoka watu Petta, Sop Sop, mpaka upande wa Kenya, wakalia wakisema wamefiwa na baba. Nilikaa ndani nikiwasikia, nikiwaza kwamba wao walimpata wote, na mimi nilipata kilichobaki.

Nikiwa bado ndani ya eda, motokaa ilisimama nje kwa baba. Akaingia mama mmoja mzee wa Kihindi, amejitanda nguo nyeupe, anashika ukuta. Sikuwa nimemwona maisha yangu yote, lakini nilimjua kwa macho yake. Nilimpa mkono, akaushika hakuuachia.

"Mwanangu alikuwa anakula?" aliniuliza.

"Alikula, Mama."

"Alikula nini?"

Nikamwambia: ugali wa mtama na muhogo, na samaki wa kukaushwa kwa moshi.

"Samaki?" Aliniangalia kama nimemtania. "Kwangu hakugusa samaki. Nilimbembeleza miaka yote."

"Kwangu alikuwa anaomba kuongezwa."

Alicheka, na kicheko kikageuka kilio, akalia huku ameegemea bega langu. Alipotulia akasema nimpikie. Nikampikia. Alikula kwa vidole, taratibu, anatoa miiba. Binti yangu alipomsogelea alimtazama kwa muda mrefu, akamtilia kipande kinywani. Dereva alipiga honi nje mara kadhaa, naye hakuinuka mpaka sahani ilipokwisha.

Hakuja tena. Nilisikia baadaye kwamba alifariki. Sikupata kujua kama alimwambia mumewe alikokuwa siku ile.