Ntumba za Mama wa Mollo

Miaka hii ya ruksa, kila mtu anataka Sumbawanga ifanane na picha za kwenye kalenda. Juzi nilikuwa ofisi ya mipango miji nasubiri zamu yangu. Mbele yangu alisimama mama muuza mboga kutoka Mollo, mkononi ana barua. Ameamriwa asawazishe ntumba zake, yale marundo ya udongo ambamo sisi Wafipa tunafukia majani yaoze yawe mbolea. Barua inasema yanachafua mji.

Ofisa, kijana wa huku huku, ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni Asia. Hata shikamoo hakutoa. Alitandaza picha mezani.

“Ona wenzetu, mama. Mji mkubwa, lakini msafi. Taka za sokoni wanazifukia mtaani hapo hapo, maskini wanapanda mboga juu yake. Hafukuzwi mtu.”

Mama akaivuta picha moja, akaigusa kwa kidole chenye udongo.

“Hizi si ntumba?”

Ofisa akaitazama picha, akaitazama barua, akarudi kwenye picha.

“Bibi yako kule Matai alikuwa nazo shamba zima,” mama akasema kwa upole.

Benchi zima tukakaa wima.

Ofisa akachukua kalamu, akaandika juu ya barua: “Zibaki.” Kisha akasimama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Safari za masomo ziendelee, sizipingi. Ila tiketi ijayo wapewe hao wa Asia, waje Mollo.