Tanuri la Rosebella

Mtajie Rosebella jina la Methuselah uone atakavyotema mate chini. Ana haki. Kabla ya kiwanda cha minofu kuja Busia, mama huyu alikuwa na tanuri la udongo la kukaushia samaki kwa moshi, na tanuri hilo lililisha wengi. Kuni zilitoka Bukhayo, vikapu alivisuka jirani, masanduku aliyapigilia Wandera seremala. Mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwani, aliingia kutoka ufuko wa Osieko mbichi akatoka kahawia, ananukia mpaka ng'ambo ya mpaka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methuselah, aliyekuwa akimletea kuni, ndiye aliyegeuka wakala wa kiwanda. Lori lake likawa linawangoja wavuvi ufukweni, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, tanuri likapoa. Wandera akafunga karakana. Kisha wakala akaja na ulimi wa asali.

"Mama, bomoa hiyo kitu, lori zipate pa kugeukia. Nitakupea mgongo wazi kila siku."

Akabomoa, mjinga yeye! Tangu hapo anakaanga huo mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyokwishanyolewa nyama kiwandani, yeye na kila mwanamke wa mtaa ule, wakinyang'anyana wateja wale wale. Mji uliokuwa na mafundi sasa unauza makombo.

Wiki jana Methuselah alikuja kwa miguu, amekumbatia mbuta mzima. Alikuwa anakwenda Funyula kuposa, na kwa wakwe wa huko hakuendwi na samaki wa barafu. Wanataka wa moshi, mzima, kichwa na mkia.

"Mama, nisaidie. Nimezunguka Busia yote, hakuna mwenye anakausha."

Rosebella alitaka kumfukuza. Lakini alipomwona yule samaki, mnene, macho yanang'aa, mikono yake ilimpokea kabla moyo haujakubali. Alimgeuza, akambonyeza tumbo, akaanza kuwaza kuni gani zingemfaa.

"Sasa tanuri iko wapi?" Methuselah akauliza.

Rosebella akashtuka kama aliyeamshwa.

"Si umeikanyaga."

Methuselah akatazama chini, kwenye udongo ulioshindiliwa na magurudumu ya malori yake. Rosebella akamsukumia mbuta wake kifuani, kisha akafunga mgongo wazi mmoja kwa gazeti, akamwekea juu.

"Pelekea wakwe hii. Waambie nyama ilienda Ulaya."

Wanawake wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka nao. Baadaye akanusa viganja vyake, vilivyobaki na harufu ya mbuta mzima, akalia kwa hasira, na siku ile hakunawa mikono.