Mwenye Nyumba

Harufu ya kahawa mbichi iliyoanikwa hunirudisha kwenye kibanja chetu cha migomba kijijini Buganguzi, msimu wa kampeni baada ya baba kufariki. Asubuhi watu wa chama tawala walituomba tuvumilie, maendeleo yako njiani. Mchana wapinzani wao walituambia tusivumilie tena. Lakini wote waliikanyaga kahawa yetu jamvini, na wote walimuuliza mama, "Mwenye nyumba yuko wapi? Tunataka kusimika bendera."

Asubuhi baba mkubwa, aliyekimezea mate kibanja chetu, ndiye aliyeitikia, na mama akaendelea kuanika kahawa. Mchana baba mkubwa akaitikia tena.

"Mwenye nyumba ni mimi," mama alisema.

Wageni walicheka. "Mama, tunamtaka mwanamume."

"Amelala pale migombani. Mkimtaka, kamfukueni."

Aliing'oa bendera iliyosimikwa asubuhi, akaitupa nje ya uzio, kisha akawaonyesha wageni njia.

Siku ya kura alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliporudi, baba mkubwa alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Umempa nani?"

"Shemeji, kura ni siri," alijibu, akapita ndani.