Mkono wa Kushoto wa Baba

Simu ya makao makuu ya skauti ilinikuta napepeta mchele. Walinitaka niingie kwenye uongozi wa taifa, upande wa mafunzo. Nikawaambia nitawajibu, nikakaa na ungo wangu mapajani nisijue hata nimeulizwa nini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Katindiuka. Taifa nalijulia wapi?

Kwanza ilibidi nimwambie baba. Kwetu huwezi kwenda kushika jambo kubwa kabla mzazi hajakupa mkono na kukubariki. Hapo ndipo mambo yalipovurugika, maana baba alikuwa hampi mtu mkono. Kiharusi kilimkuta shambani Michenga, kikaua upande wote wa kulia. Tangu nimlete kwangu, mkono ule anauficha chini ya shuka, na wa kushoto hautoi kwa yeyote.

"Kwetu Mahenge mkono wa kushoto hausalimii mtu," anasema, "sembuse kubariki."

Sasa ucheke au ulie: sisi skauti husalimiana kwa mkono huo huo wa kushoto! Miaka yote nawafundisha watoto hivyo. Nikamwambia, "Baba, nipe huo huo, mimi ni skauti."

Akanikazia macho. "Usinisalimie kama mgonjwa."

"Lakini wewe ni mgonjwa, baba!" Ikanitoka.

Nilikasirika, nikamhurumia, nikakasirika tena. Nikikataa cheo, roho itaniuma. Nikikubali, naondoka bila baraka, na safari ya namna hiyo siiwezi. Jirani akaniambia mshika mawili moja humponyoka. Mawili yapi, jamani? Mimi sikuwa nimeshika hata moja.

Wiki ile kiongozi wetu mkuu alikuwa kambini Sanje, akaamua kupitia kwangu achukue jibu mwenyewe. Baba alimchungulia dirishani akishuka garini. "Mtu mzima na kaptula," akanung'unika, "kama anakwenda kupandikiza mpunga." Watoto wangu wa skauti walikuwa wamejipanga uani, skafu shingoni. Mgeni akawapa mkono wa kushoto mmoja mmoja, kisha akapitiliza ndani kabla sijamwahi.

"Shikamoo, mzee." Akainama, mkono wa kushoto mbele, kwa mazoea tu.

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba akautazama ule mkono, akaitazama kaptula, akautazama mkono tena. Kisha akatoa wa kwake.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Wakaanza kuongea habari za mvua na mpunga. Mgeni hakujua alichofanya, na nadhani hadi leo hajui. Mimi nimeganda mlangoni, sijui nifurahi au nigombe. Mbona yeye? Mimi binti yake, ninayempikia uji kila asubuhi, nimenyimwa mkono huo huo! Nilimwonea wivu yule mtu, nasema kweli. Aliponiuliza jibu langu, nikababaika, nikamwomba anipe hadi kesho.

Alipoondoka tu nikamgeukia baba. "Yeye umempa mkono. Mimi je?"

"Yule alinisalimia," akasema. "Wewe ulikuwa unanisaidia."

Hata sasa sina hakika kama nimemwelewa. Nikapiga magoti nikusanye vikombe, machozi yananilenga, na nilipoinua uso nikaona baba amenyoosha mkono wake wa kushoto. Kwangu.

Na mimi, skauti wa miaka yote hiyo, nikatoa wa kulia.

Mikono ikapishana hewani. Baba akaitazama, akaangua kicheko, mdomo umekwenda upande, shuka linateleza hadi chini na yeye hana habari nalo. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka.

"Haya! Na huyu ndiye anayekwenda kulifundisha taifa?" akasema. "Lete mkono, mama. Wa huku."